Sisimizi Mmoja, Lugha Nne: Safari ya Herufi 蟻 katika Asia ya Mashariki



Anayeanza kujifunza Kichina huambiwa mapema kwamba herufi za lugha hiyo ni picha. Huoneshwa herufi ya jua, ya mlima, ya mti, akaona kweli zinafanana na vitu vyenyewe, akaridhika. Kutoka hapo ni hatua fupi tu kuamini kwamba Wachina hawaandiki maneno bali wanaandika mawazo, na kwamba ndiyo maana Mjapani, Mkorea na Mvietinamu wa zamani waliweza kuyasoma maandishi yao bila kujua lugha yao. Nimekuja kuipinga imani hiyo. Inawaheshimu Wachina kwa jambo wasilolifanya, na inawanyima majirani zao sifa ya kazi kubwa waliyoifanya.

Shahidi wangu ni herufi moja, 蟻, herufi ya sisimizi. Sikuchagua jua wala mlima, kwa sababu herufi za namna hiyo, zilizotokana na michoro, ni chache. Nyingi kupita kiasi zimejengwa kama hii ya sisimizi. Anayemwelewa sisimizi amezielewa maelfu.

Mdudu na haki

Herufi 蟻 huandikwa kwa mikwaruzo 19 ya kalamu, nayo ina pande mbili. Upande wa kushoto ni 虫, yaani mdudu. Alama hii hukaa pia katika herufi za nyuki, mbu, buibui, kipepeo, hata nyoka na chura, kwa kuwa wahenga wa China waliwaweka wengi katika kundi moja. Upande wa kulia ni 義, herufi inayojitegemea yenye maana ya haki, uadilifu, wajibu wa mtu kwa mwenzake. Katika mwandiko uliorahisishwa na serikali ya China katika miaka ya 1950, 義 ilifupishwa ikawa 义, na sisimizi akawa 蚁, mikwaruzo tisa tu. Taiwan na Hong Kong bado wanamwandika kwa ukamilifu wake.

Mdudu na haki: ni nani asiyeshawishika? Tabibu mashuhuri Li Shizhen, ambaye kitabu chake kikubwa cha dawa kilichapishwa mwaka 1596, miaka mitatu baada ya kufa kwake, alieleza kwamba sisimizi wana uadilifu wa mfalme na raia, ndiyo maana herufi yao imebeba alama ya haki. Wahubiri wa Kikristo nao wameipasua 義 yenyewe: juu kuna 羊, kondoo, na chini kuna 我, "mimi", basi mwenye haki ni mtu aliyefunikwa na Mwanakondoo. Ni mafundisho mazuri na yamewajenga watu wengi. Lakini hayaelezi jinsi herufi hizi zilivyozaliwa.

Upande wa kulia wa herufi ya sisimizi upo kwa ajili ya sauti. Mwandishi wa kale alikuwa na neno mdomoni, jina la mdudu, akahitaji kuliandika. Akaweka alama ya mdudu kuonesha maana iko wapi, kisha akaweka herufi ya neno jingine lenye matamshi ya karibu ili kuonesha linavyotamkwa. Ushahidi ni mwingi. Weka alama ya maneno kando ya 義 upate 議, kujadiliana. Weka alama ya mtu upate 儀, adabu na taratibu za sherehe. Kwa Kijapani leo zote husomwa gi. Kwa Kikorea zote husomwa ui. Ni ukoo wa sauti.

Ushahidi wa pili una nguvu zaidi. Kamusi ya Xu Shen, iliyokamilika karibu mwaka 100 wa zama zetu, inamwandika sisimizi kwa herufi nyingine, 螘. Mdudu yuko palepale kushoto, ila upande wa kulia umekaliwa na alama isiyohusiana na haki hata kidogo. Kazi yake ni sauti tu. Na katika maandiko ya kale zaidi sisimizi aliweza kuandikwa 蛾, mdudu pamoja na "mimi", herufi ambayo leo hutumika kwa nondo. Kama uadilifu ungekuwa ndio roho ya herufi hii, wahenga wasingeuacha mlangoni mara kwa mara. Kilichobaki bila kubadilika katika maumbo yote matatu ni mdudu upande mmoja na sauti upande wa pili.

Ng' ya ng'ombe

Sauti yenyewe ilikuwa ipi? Mwaka 601 Lu Fayan alikamilisha kamusi ya vina iitwayo Qieyun, na kwa kuilinganisha na lugha za leo wataalamu wameweza kuyakaribia matamshi ya enzi ile. Neno la sisimizi lilianza kwa sauti ambayo wasomaji wa Ulaya huhitaji kufafanuliwa kwa mistari mingi, kwa kuwa lugha zao nyingi haziiweki mwanzo wa neno. Kwetu sisi haihitaji ufafanuzi. Ni ng', ile ya ng'ombe, ng'ambo na ng'ara.

Ifuatilieni sauti hiyo mwone ilikopitia. Mjini Beijing ilififia kabisa, na sisimizi huitwa yǐ, au kwa kawaida mǎyǐ. Kusini, kwa wasemao Kikantoni, ipo hai hadi leo: ngai. Vietnamu iliipokea na kuitunza, na matamshi ya herufi hiyo huko ni nghĩ. Korea haikuwa na ng' ya kuanzia neno, ikaiacha, ikabaki ui. Japani nayo haikuwa nayo, lakini badala ya kuiacha ilichukua jirani yake wa karibu mdomoni, g, na herufi ikasomwa gi.

Yǐ, ngai, nghĩ, ui, gi: masikio yanasema ni maneno matano, historia inasema ni neno moja. Kama herufi zingekuwa mawazo matupu, kila taifa lingelipa wazo hilo sauti yake basi. Lakini herufi ilivuka mipaka ikiwa na sauti yake mgongoni, na kila lugha ikaitamka kadiri ulimi wake ulivyoweza. Hivyo ndivyo nasi tulivyopokea maneno ya Kiarabu, Kireno na Kihindi.

Kila nyumba na sisimizi wake

Hapa ndipo majirani wa China wanapostahili kupewa haki yao. Walipoipokea herufi hii tayari walikuwa na jina lao la mdudu huyu. Mjapani alimwita ari, Mkorea gaemi, Mvietinamu kiến. Hakuna hata mmoja aliyelitupa jina la mama yake kwa sababu ya kalamu ya jirani.

Wajapani waliamua herufi moja isomwe kwa njia mbili. Ikisimama peke yake, 蟻 husomwa ari, neno lao wenyewe. Ikiungana na nyingine katika neno la kitaalamu, hurudi gi. Ile asidi ambayo John Ray wa Uingereza aliipata mwaka 1671 kwa kuwakeneka sisimizi, na ambayo Ulaya iliipa jina kutokana na neno la Kilatini la mdudu huyo, Japani iliiita gisan, "asidi ya sisimizi". Mtoto anayecheza uani anasema ari, mkemia anasema gi, na herufi ni ileile. Siku hizi, hata hivyo, herufi yenyewe inaadimika. Haimo katika orodha ya herufi 2,136 za matumizi ya kawaida iliyotolewa na serikali ya Japani mwaka 2010, na wanabayolojia huandika majina ya wanyama kwa silabi za katakana. Mwaka 2017, sisimizi wakali wa moto walipogunduliwa mara ya kwanza nchini humo, ndani ya kontena lililofika mkoa wa Hyogo, vichwa vya habari viliandika jina lao, hiari, kwa katakana.

Wakorea walibuni namna nzuri ya kuitaja herufi. Huitaja kwa maana yake ya Kikorea, kisha kwa sauti yake ya kuazima. Kwa hiyo 蟻 jina lake ni "gaemi ui", yaani "sisimizi, ui". Katika pumzi moja mwanafunzi anakumbushwa kilicho chake na kilichotoka nje. Mwaka 1443 mfalme Sejong alibuni alfabeti ya Kikorea, ikatangazwa mwaka 1446, na leo gaemi huandikwa kwa alfabeti hiyo bila kuhitaji herufi ya Kichina.

Wavietinamu walikwenda mbali zaidi. Kwa ajili ya maneno yao ya asili walijenga mfumo wa chữ Nôm, herufi zilizoundwa kwa kanuni za Kichina. Kwa kiến walichukua mdudu, 虫, wakamweka kando ya 見, herufi yenye maana ya "kuona" ambayo kwao husomwa kiến. Ikawa 蜆. Huko China umbo hilo hilo ni jina la kombe wa majini. Mvietinamu hakujali kombe, kwa kuwa alichohitaji ni sauti ya lugha yake. Huyu hakuwa mwigaji. Alikuwa ameielewa kanuni kuliko wengi wanaohubiri leo kuhusu picha na mawazo, kwani alifanya jambo lilelile alilolifanya mwandishi wa kale wa China: mdudu kushoto, sauti kulia. Mfumo huo ulikoma kutumika mwanzoni mwa karne ya 20, na kiến sasa huandikwa kwa herufi za Kilatini.

Nasi tunalo la kujitambua hapa. Kwa karne nyingi washairi na wafanyabiashara wa pwani yetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wakatafuta njia ya kuonesha p, ch, v na hiyo hiyo ng', sauti ambazo alfabeti ya Kiarabu haikuziandalia nafasi. Baadaye tukahamia herufi za Kilatini. Hatukuwa Waarabu kwa kuandika hivyo, wala Warumi kwa kuandika hivi.

Hadithi zilizopanda mgongoni

Pamoja na sauti, herufi ilisafiri na hadithi. Han Fei, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 233 kabla ya Kristo, alionya kwamba boma refu la kuzuia mto huweza kubomolewa na tundu la sisimizi. Onyo hilo limekuwa methali China na Japani, nchi mbili zinazoyajua mafuriko. Kitabu cha Han Fei kinasimulia pia jeshi lililokosa maji milimani. Waziri Xi Peng akasema kwamba sisimizi hukaa upande wa jua wakati wa baridi na upande wa kivuli wakati wa joto, na kwamba panapo kichuguu chao, chini yake pana maji. Wakachimba, wakanywa. Mwenye hekima, anasema Han Fei, haoni aibu kufundishwa na sisimizi.

Hadithi iliyosafiri mbali kuliko zote ni ya Li Gongzuo wa enzi ya Tang. Mtu mmoja mlevi, Chunyu Fen, analala karibu na mti mkubwa uani kwake. Wajumbe wanakuja kumchukua, wanaingia naye katika tundu la mti, na humo anakuta ufalme mzima. Anaozwa binti mfalme, anakuwa gavana wa jimbo la Nanke kwa miaka ishirini, anapata watoto na heshima. Kisha vita vinamshinda, mkewe anafariki, wakubwa wanamshuku, anarudishwa kwao. Anapoamka jua halijatua, na vikombe vya pombe viko palepale. Akichimba chini ya mti anaukuta ufalme wake: koloni la sisimizi. Nanke ni tawi la kusini tu la mti ule.

Hadi leo, aliyepoteza cheo au mali aliyoidhani ya kudumu huambiwa ameota ndoto ya Nanke. Kichina husema Nánkē, Kijapani Nanka, Kikorea Namga, Kivietinamu Nam Kha. Na Japani hadithi ilipata mwili mpya. Lafcadio Hearn, mwandishi aliyehamia huko mwaka 1890, aliisimulia katika kitabu chake Kwaidan cha mwaka 1904 kama ndoto ya Akinosuke. Mti umekuwa mwerezi wa Kijapani, jimbo limekuwa kisiwa, lakini sisimizi wako palepale mizizini.

Japani nayo ina hadithi ya sisimizi yenye thamani kubwa kwangu, kwa sababu inahusu wazee. Imo katika Makura no Sōshi, kitabu cha bibi wa ikulu Sei Shōnagon, cha karibu mwaka 1000. Mfalme mmoja aliwachukia wazee, akaamuru waliofikia miaka arobaini wauawe, nao wakaukimbia mji. Ofisa mmoja akawaficha wazazi wake chini ya nyumba. Kisha mfalme wa China akatuma fumbo: kito chenye tundu lililopinda mara saba, litieni uzi. Wajuzi wote wa ikulu wakashindwa. Mzee mafichoni akasema: mfungeni sisimizi kiunoni uzi mwembamba, pakeni asali tundu la upande wa pili. Sisimizi akafuata harufu, uzi ukapita, na wazee wakaruhusiwa kurudi mjini. Mungu wa mahali hapo aliitwa Aridōshi, "mpitisha sisimizi", na hekalu la jina hilo lipo mkoani Osaka. Tazameni: fumbo linatoka China, jina limeandikwa kwa herufi ya Kichina 蟻, lakini neno linalotamkwa ni ari la Kijapani, na aliyelitegua fumbo ni mzee wa Kijapani.

Watu walioitwa sisimizi

Si kila safari ya herufi hii ilikuwa ya heshima. Sunzi, mwandishi wa sanaa ya vita, alimlaumu jemadari asiyeweza kuzuia hasira yake, anayewatuma askari kuparamia ukuta wa mji kama sisimizi na kupoteza theluthi yao. Katika nyaraka za mashauri za enzi ya Qing, raia wa kawaida aliyeandika maombi kwa hakimu hakujiita "mimi". Alijiita yǐ: sisimizi anaomba, sisimizi amedhulumiwa. Mtu mzima, mwenye shamba na watoto, alijipunguza mpaka akawa mdudu ili mkubwa akubali kumsoma. Na herufi aliyojiitia ilikuwa na haki upande wake wa kulia. Nimesema kwamba alama hiyo iko pale kwa sauti tu, wala siondoi neno langu. Lakini haki aliyokuwa akiiomba mtu yule ilikuwa ya kweli, na inastahili kukumbukwa.

Karne yetu imelifufua jina hilo. Mwaka 2009 mtafiti Lian Si alichapisha kitabu kuhusu vijana waliomaliza chuo, wenye akili na bidii lakini wenye kipato kidogo, waliokuwa wakilundikana katika vyumba vya mitaa ya pembezoni kama Tangjialing, Beijing. Aliwaita yǐzú, kabila la sisimizi, na jina likaenea China nzima. Korea, mwekezaji mdogo katika soko la hisa huitwa gaemi. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, wawekezaji wa nje walipouza hisa kwa wingi, hao wadogo walizinunua, na watu wakaiita hatua yao vuguvugu la "sisimizi wa Donghak", kwa kukumbuka uasi wa wakulima wa mwaka 1894. Beijing sisimizi ni kijana aliyebanwa. Seoul ni mdogo aliyesimama mbele ya wakubwa. Mdudu mmoja, hali mbili za wananchi, na hakuna kamusi ya herufi inayoweza kukuambia tofauti hiyo. Lazima uwajue watu.

Wajibu wetu

Ndugu zangu, hoja yangu ni hii. Herufi haina maana peke yake. Ina maana ndani ya lugha, na lugha imo ndani ya watu. Wasomi wa Asia ya Mashariki waliweza kuandikiana barua kwa sababu walikaa miaka mingi darasani wakisoma Kichina cha kale, kama wasomi wa pwani yetu walivyosoma Kiarabu. Ilikuwa ni elimu, na elimu hugharimu.

Kwa hiyo nawaomba vijana wetu wanaosoma Kichina, Kijapani na Kikorea katika vyuo vya Afrika Mashariki: jifunzeni herufi kwa koo za sauti, wala msiridhike na hadithi tamu za picha. Mnayo ng' mdomoni. Itumieni kukisikia Kikantoni na Kivietinamu ndani ya herufi ambayo Beijing imeinyamazisha.

Na tunahitaji wafasiri watakaotoa vitabu vya Kichina na Kijapani moja kwa moja hadi Kiswahili, bila kupitia Kiingereza. Akikutana na 白蟻, "sisimizi mweupe" kwa herufi, mfasiri huyo asituletee mdudu asiyekuwapo. Aandike mchwa, kwani ndiye. Wanasayansi wenyewe wanasema mchwa yuko karibu na mende kuliko sisimizi, na Kiswahili kimemtenga siku zote, kama Kivietinamu kinavyomwita mối. Akisoma katika kitabu kinachonasibishwa na Ji Han, cha mwaka 304, kuhusu sisimizi wekundu waliouzwa sokoni pamoja na viota vyao ili walinde michungwa dhidi ya wadudu waharibifu, asihangaike. Ndugu wa sisimizi hao wako kwetu, wanashona majani ya minazi na mikorosho, na wakulima wanawaita majimoto. Katika miaka ya 1950 mtafiti M. J. Way aliwachunguza Zanzibar na kuonesha kwamba wanailinda minazi dhidi ya mdudu anayeziharibu nazi changa. Jambo ambalo wakulima wa China ya kusini walilitumia karne nyingi zilizopita lina jina tayari katika Kiswahili, na mfasiri asiyelijua jina hilo atamnyima mkulima wa Mtwara maarifa yanayomhusu.

Wajapani, Wakorea na Wavietinamu walipokea herufi ya jirani bila kumpoteza ari, gaemi wala kiến. Walifaulu kwa sababu walizijua lugha zao kwa undani kabla ya kukopa, na wakaendelea kuzijua baada ya kukopa. Nasi tukitaka kuisoma Asia kwa macho yetu wenyewe, tuanze kwa kuwajua sisimizi, siafu, majimoto, mchwa na kumbikumbi wetu kwa majina, tuwafundishe watoto, na tuyaandike vitabuni.